Kamera na Upepo wa Dodoma
Juma hili, katika Nyerere Square hapa Dodoma, nilimtazama kijana akimpiga video mzee wa Kigogo mpiga zeze, kwa kamera mpya iliyomaliza akiba yake yote. Na picha, naam, ilikuwa safi hata nyuzi zikahesabika, lakini sauti ilikuwa mvumo mtupu wa upepo wa kiangazi. Jicho husamehe, sikio halisamehe. Katika nchi iliyomzaa Hukwe Zawose, fundi wa ala ya ilimba aliyefariki mwaka 2003, mwenye simu ya kawaida na maikrofoni iliyovikwa manyoya ya kukinga upepo ataihifadhi turathi yetu vyema zaidi kuliko mwenye lenzi ghali peke yake, na kila muuza kamera ana wajibu wa kumwambia mteja hayo kabla ya kupokea fedha zake.