Ngome Iliyoelekezwa Baharini

Mlipa kodi wa mtaa wa Rhonda, Nakuru, ana haki sawa na mbunge ya kuuliza, kila bajeti ya ulinzi inaposomwa, ni adui gani anayengojewa na atatokea upande upi. Na kabla hajajibiwa kwa hesabu za ndege na vifaru, yafaa akumbushwe jinsi swali hilo lilivyojibiwa vibaya katika nchi hii baada ya Vita Vikuu vya Pili.

Mwaka 1947, Waingereza walipokuwa wakiiachilia Bara Hindi, wakijitayarisha kutoka Falastini, na huku Wamisri wakiwashurutisha waondoke Suez, baadhi ya wakuu wao, akiwamo Waziri Mkuu Attlee, waliiona Kenya kuwa mahali palipo mbali na Mrusi, penye bandari na reli, pa kuhamishia akiba ya majeshi yao. Basi katika nyika ya Mackinnon Road, kando ya reli itokayo Mombasa, yakaanza kujengwa maghala makubwa ya vifaa vya vita, na fedha nyingi zikatumika, hata kufikia mwaka 1950 kazi ikaachwa, kwani mahali hapo palikuwa mbali mno na Mashariki ya Kati iliyokusudiwa kulindwa, na majeshi yenyewe yalikuwa yangali Suez.

Amma huku kwetu katika Bonde la Ufa, katika miaka hiyo hiyo, serikali ilikuwa ikishughulika na kazi nyingine. Olenguruone, kwenye nyanda za juu za Mau, walikuwa wamepelekwa tangu 1941 Wakikuyu walioondolewa mashambani mwa walowezi, nao waliamini kuwa ardhi ile ni yao, fidia ya waliyonyang'anywa; walakini serikali iliwahesabu kuwa wapangaji tu, ikawaamrisha namna ya kulima, nao walipokataa na kula kiapo cha umoja, mazao yao yakafyekwa, nyumba zikatiwa moto, na hatimaye wakafukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta. Kiapo hakikufukuzika pamoja nao, bali kilienea kwa maskwota wa Bonde la Ufa.

Natija yake haikukawia. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau wakakivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakazoa bunduki na risasi, wakawafungulia mahabusu zaidi ya 170. Na Mackinnon Road, palipotengenezwa kwa ajili ya kumngoja adui wa ng'ambo, pakageuzwa kambi ya kuwazuilia wenyeji wa nchi.

Wala ujinga huo haukuwa wa mkoloni peke yake. Januari 1964, wiki chache tu baada ya uhuru, askari wetu wa kambi ya Lanet, Nakuru, waliasi kwa manung'uniko ya mishahara na maofisa wa kigeni, na serikali changa ikalazimika kuwaomba Waingereza wawazime. Na Januari 2008 Nakuru ilipowaka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, mitaa ya Rhonda na Kaptembwa ikiwamo, hapakuwa na jeshi la kigeni lililovuka mpaka.

Sisemi kwamba hatari ya nje ni ndoto. Waliouawa na magaidi katika jumba la maduka la Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015 ni ushahidi wa kutosha. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na mpango wa ulinzi usiohesabu dhuluma ya ardhi, ujira duni wa askari na vijana wasio na kazi, hulinda maghala na kuiacha nchi wazi. Kwa hiyo kamati ya bunge, kabla ya kuidhinisha ununuzi wa silaha, na idai pia taarifa ya migogoro ya mashamba iliyosalia katika kila kaunti, pamoja na tarehe ya kuitatua, na ikiwa tarehe hiyo haipo, fedha hizo zisipitishwe.