Mambasa si Bunia: ENAFEP haitoshi kupima shule

Wandugu vijana, kila mwaka matokeo ya ENAFEP yakitoka, watu wa Bunia wanaanza: shule fulani imepita, zile za Mambasa zimeanguka. Munalinganisha nini na nini?

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni bure. Tangu Septemba 2019 ndiyo ikaanza kutumika. Vizuri. Lakini mwalimu asiyelipwa, wale wanaitwa NU, atakula bure gani? Huko Lolwa ama Biakato anaacha chaki, anaenda kwa dhahabu ama kwa shamba la kakao. (Na sisi wenye diplome tuko tunakaa tu mujini.) Vijiji vingine vimekimbia ADF, utawala wa kijeshi uko Ituri tangu Mei 2021, halafu mutoto aliyelala porini anapewa mtihani mumoja na wa Bunia!

Tunaomba DINACOPE ibandike kwenye ukuta wa kila shule ya Mambasa: wanafunzi wangapi, walimu wangapi wanalipwa, wangapi hawalipwi. Orodha hiyo itoke mbele ya ENAFEP ijayo.