Mwanamapinduzi ni Nani?

Singida imewatoa wanasiasa wawili ambao ni vigumu kuwataja pamoja bila mazungumzo kupamba moto. Mwigulu Nchemba wa Iramba, aliyewahi kuwa naibu katibu mkuu wa Chama Cha Mapinduzi (CCM), aliteuliwa kuwa Waziri Mkuu Novemba 2025. Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe wilayani Ikungi na mwenyekiti wa CHADEMA, alifikishwa mahakamani Aprili mwaka huohuo kwa shitaka la uhaini. Kesi ina mahakama yake. Mimi nauliza kuhusu neno: kati ya hawa wawili, mwanamapinduzi ni yupi?

Tuanze na kitenzi. Jembe la ng'ombe hupindua udongo, wa chini ukaja juu. Kutoka hapo tunapata mpinduzi, yaani mtendaji, na mapinduzi, yaani tendo. Kiswahili hakitenganishi umma unaoinuka na wanajeshi wanaoteka ikulu usiku. Yote ni mapinduzi. Kinachotenganisha ni jina la mtu. Anayeshindwa, au tunayemwogopa, tunamwita mpinduzi, na bado atakuwa na bahati asipoitwa mhaini. Tunayemsifu tunamwongezea mwana: mwanamapinduzi, kama mwanachama, kama mwananchi. Na hapo ndipo maana ilipohama. Mpinduzi hupimwa kwa alichokifanya, lakini mwana hupimwa kwa anakohesabiwa kuwa wa nyumbani.

TANU ya bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana tarehe 5 Februari 1977, neno mapinduzi likawa jina la chama. Lilikuwa na uzito wake. Zanzibar ilikuwa imepindua serikali Januari 12, 1964, na huku bara Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umemkataza kiongozi asiwe na kiburi wala asiwaonee watu. Wafanyakazi waliusoma wakauamini. Waligoma, wakawafungia mameneja nje, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakakishika kiwanda chenyewe. Dola ikawaondoa. Kwangu mimi, hao walikuwa wanamapinduzi kwa maana kamili, na wengi wao hatuyajui hata majina.

Abdulrahman Babu alilipata neno hili kwa pande zote mbili. Kiongozi wa Umma Party, chama cha makomredi, aliingia serikalini baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Rais Karume wa Zanzibar alipouawa Aprili 1972, Babu akakamatwa, akashitakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifo. Aliachiwa mwaka 1978. Mtu yuleyule, fikra zilezile, ila kapewa jina jingine.

Ndiyo maana tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 wapinzani wamejificha nyuma ya neno laini zaidi, mageuzi. Chama cha NCCR-Mageuzi kililibeba hadi kwenye jina lake. Matokeo yake, anayeitwa wa mapinduzi ndiye anayelinda kilichopo, na anayetaka kilichopo kibadilike hathubutu kuligusa neno hilo, maana akiligusa tu anasikika kama anayetaka damu. Naona hasara kubwa hapo. Kijana wa Ikungi anayetaka tume huru ya uchaguzi au ardhi ya kijiji chake ilindwe hana jina la heshima la kujiita, nje ya kadi ya chama.

Pale Singida mjini upo uwanja wa mpira unaoitwa CCM Liti. Zamani ulikuwa Namfua. Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na mapokeo yanasema nyuki walipigana upande wake. Hakuwa na kadi. Serikali ya wakati wake ilimwona mwasi. Leo jina lake limeungana na la chama cha mapinduzi, na watoto wa Singida wanalisoma kila wanapokwenda kutazama mechi.