Nyaya mbili, mtaro mmoja

Wadau, leo nina neno na mafundi wetu wa mitandao ya kompyuta, hasa wanaohudumia ofisi za Posta na Feri na maduka ya Kariakoo.

Tuchukulie mfanyabiashara mwenye ofisi Feri na stoo Kariakoo. Anataka kote kuwe mtandao mmoja. Kampuni ya intaneti inapitisha VLAN zake ndani ya VLAN ya kampuni, kama bahasha ndani ya bahasha. Ndiyo handaki lenyewe. Kiwango chake, 802.1ad, kipo tangu 2005, na kinafanya kazi vizuri ilimradi fundi akumbuke kwamba lebo ya pili inaongeza baiti 4 kwenye kila fremu. Swichi za njiani zisiporuhusiwa kupokea fremu kubwa zaidi, ping itapita lakini mafaili makubwa yatakwama, na mteja ataambiwa "mtandao unasumbua".

Hilo linarekebishika. Linaloniudhi ni la pili: kufunga nyaya mbili kati ya swichi na swichi zifanye kazi kama mmoja, kisha kumwambia mteja amepata kasi maradufu na usalama. Kasi ipi? Kompyuta moja ikivuta faili kutoka nyingine, kwa kawaida hupita waya mmoja tu. Wanaofaidi ni watu wengi wakitumia kwa pamoja. Usalama upo poti moja ikifa. Lakini nyaya zote zikilazwa kwenye mtaro mmoja, sururu moja ya wachimba barabara inamaliza kazi.

Tumeliona hili kwa ukubwa wa nchi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, yote miwili, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania tukahangaika na intaneti. Wenye mikongo tofauti, bahari ileile.

Watu wa Kigamboni wanalijua somo hili bila kugusa swichi. Ukiongeza pantoni pale Feri unapunguza foleni, lakini zote zinavuka maji yaleyale. Njia ya pili ilipatikana 2016, daraja lilipofunguliwa upande wa Kurasini.

Kwa hiyo kabla hujalipa, mwambie fundi akuchoree ramani: waya wa pili unapita mtaa gani? Akikuambia ni huohuo, basi jua umenunua pantoni nyingine, si daraja.

Mnasemaje wadau?