Usifute rikava kabla hujajua unafuta nini

Haya jamani, testi zimeisha, nimerudi kibarazani. Leo siongelei mapenzi wala bumu. Naongelea laptopu zetu, maana hapa hosteli umezuka mtindo ambao siuafiki hata kidogo.

Mtu analalamika diski imejaa. Fundi wa kupiga window anachungulia, anasema, "Dada, hapa kuna GB 15 zimekaa bure, tuifute hii patisheni ya rikava." Dada anachekelea, keshoye anamshauri na rumeti wake. Hakuna anayeuliza ile kitu ilikuwa ya nini.

Ni hivi. Patisheni ya rikava ni kama chumba kilichofichwa ndani ya diski yako. Kampuni iliyotengeneza mashine imeweka humo nakala ya Windows pamoja na draiva za waifai, sauti na kadhalika. Mashine ikigoma, unaweza kuirudisha ilivyokuwa siku inatoka kiwandani, bila CD wala bando. Sasa piga hesabu: GB 15 kwenye diski ya GB 256 haifiki hata asilimia 6. Muvi na sizoni ulizojaza humo zinakula mara ngapi ya hapo? Wahenga walishasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Lakini kuna kundi la pili, na hili ndilo linanitisha zaidi. Hawa wanasema, "Mimi sina wasiwasi, laptopu yangu ina rikava." Ndugu yangu, rikava haijui utafiti wako! Haina maandalio yako ya somo, haina azimio la kazi, haina data ulizokusanya juani. Ukiirudisha mashine kiwandani kwa njia hiyo, kwa kawaida inafuta kila ulichoweka tangu uinunue. Halafu ipo kwenye diski ileile: diski ikifa, nayo imekufa, laptopu ikiibiwa, mwizi kaondoka nayo.

Kwa hiyo haya ni mambo mawili tofauti. Rikava inaokoa mashine. Bakapu inaokoa kazi yako. Mashine inanunulika, hata iwe ya mtumba. Utafiti wa mwaka mzima unaununua duka gani?

Msimamo wangu ni huu. Kwanza bakapu: nakala tatu, mbili kati ya hizo kwenye vifaa tofauti, na moja ikae mbali na chumba chako. Kwetu sisi wa ualimu, kazi nyingi ni maandishi, hazizidi MB chache. Weka moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi, moja kwenye Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bure. Na flashi usiiweke kwenye begi la laptopu, maana vitaibiwa pamoja. Kisha fungua hizo nakala uone kama zinafunguka kweli.

Pili, tafuta flashi ya GB 16 au 32, kwanza uhamishe vilivyomo maana vitafutwa, halafu utengeneze flashi ya rikava kwa kutumia Windows yenyewe. Jaribu kuwasha mashine kwa flashi hiyo. Ikiwaka, hapo sasa ukitaka kufuta patisheni, futa kwa amani.

Najua kuna watakaonipinga kwamba rikava imepitwa na wakati. Wana hoja. Kama mashine yako ilikuja na Windows 7, rikava itakurudisha kwenye kitu ambacho Microsoft iliacha kukisaidia Januari 2020. Ya Windows 10 nayo, msaada wa kawaida ulikoma Oktoba 2025. Tena mashine yenye leseni halali ya Windows 10 au 11 inatambulika yenyewe ukiisimika upya kutoka kwenye flashi. Sawa kabisa. Ila hoja hiyo inamfaa mwenye flashi mkononi. Asiye nayo, mashine ikigoma usiku wa kuamkia siku ya kukusanya utafiti, atampigia fundi gani saa nane za usiku?

Akiba haiozi, wadau. Nyie mnasemaje? Mnaotetea kufuta, karibuni ulingoni, ila mje na flashi zenu.