KULALA SI USINGIZI

Jambo lililozungumzwa sana muhula huu ni pendekezo kwamba masomo ya ziada yaanze saa 11:30 alfajiri. Wanaoliunga mkono wasema wanafunzi tunalala mno. Mimi nauliza: ni nani aliyetupima?

Natoka Bunju. Hupanda kitandani saa 4:30 usiku na kuamka saa 10:30 alfajiri, nikafagia uwanja, kisha nikagombania daladala ya kuja Wazo. Mama akiulizwa atasema nimelala saa 6, wala hasemi uongo. Lakini kwa joto, mbu na ngoma za jirani, usingizi hunijia kwenye saa 6 usiku. Lugha yetu yajua tofauti hiyo. Mtu husema, “Nimelala, lakini sikupata usingizi.”

Watafiti nao hawachanganyi mambo hayo mawili. Dodoso la Pittsburgh, lililotolewa Marekani mwaka 1989, lina maswali 19 ambayo mtu hujijibia juu ya mwezi uliopita. Huulizwa saa ya kupanda kitandani, na mbali na hiyo, saa za usingizi wenyewe. Alama zake ni 0 hadi 21, na zikizidi 5 usingizi si mzuri. Mimi nina saa 4 na nusu za usingizi katika saa 6 za kitandani, yaani 75 katika mia. Na wataalamu washauri kijana wa miaka 13 hadi 18 apate saa 8 hadi 10.

Hata hivyo, shahidi mmoja hatoshi. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, Wahadzabe 33 wa karibu na Ziwa Eyasi walivaa vifaa mkononi kwa siku 20. Ilionekana kwamba wote walikuwa usingizini kwa pamoja kwa dakika 18 tu katika siku zote hizo. Usingizi wao ulikatika mara nyingi, lakini wenyewe hawakuulalamikia. Basi kifaa kina lake, na mwenye usingizi ana lake. Yafaa wote wasikilizwe.

Vifaa hatuna, lakini madaftari tunayo. Nashauri kila mwanafunzi aandike kwa majuma mawili saa aliyopanda kitandani, muda aliokaa macho, mara alizozinduka, na saa aliyoamka. Wengine watasema mvivu ataandika uongo. Yawezekana, ndiyo maana mzazi naye aandike lake, tulinganishe. Na anayekesha na simu chini ya shuka, hesabu hiyo itamfichua.

Walimu na wazazi wetu, msitukatie shauri kwa kututazama tunavyosinzia darasani. Tupimeni kwanza. Madaftari yakionyesha kuwa tu wavivu, mimi nitakuwa wa kwanza getini saa 11:30.