Fingo la Kaya na Hirizi za Misri

Watu wa Misri ya kale walivaa hirizi zenye sura za miungu yao. Bes, kibeti mwenye uso wa kutisha, alidhaniwa kulinda mzazi na mtoto. Taweret, mwenye umbo la kiboko, wenye mimba. Leo hirizi hizo zimo ndani ya makabati ya vioo London na Paris, na anayezitazama hazitaki kwa kinga.

Huku kwetu Kwale kinga haikupewa sura. Wadigo, kama Mijikenda wenzao, walizika fingo ndani ya kaya kuuzindika mji, na siri yake ikabaki kwa wazee. Hata baada ya Wadigo wengi kusilimu, kaya hazikuachwa. Nasi Waislamu tuna hirizi ya maandishi, ambayo maulamaa wamehitilafiana: wako walioijuzisha ikiwa ni Kurani tupu, na wako walioikataza yote.

Waama, mimi fingo siliamini. Kinga yangu ni kwa Mola. Lakini ninalolisema leo ni la ardhi.

Vigango vya Wagiriama viling'olewa, vikauzwa, vikafika Marekani. Viwili vilirudishwa mwaka 2007, na mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver likatangaza kurudisha 30. Kigango huonekana, ndipo huibwa. Fingo limezikwa, anayelitwaa haji na jembe, huja na hati ya kiwanja. Pwani ya Diani imejaa mahoteli, na misitu ya kaya za huko imekwisha megwa.

Kaya Kinondo, hektari 30 hivi, imenusurika. Tangu mwaka 2008 imo, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mgeni huingia akiongozwa na mwenyeji, amejifunga kaniki, na haruhusiwi kuchukua hata jani.

Nimewasikia vijana wetu wakisema kaya ni shirki, heri ifyekwe. Ndugu zangu, ikifyekwa atakayefaidi ni nani? Si msikiti wala madrasa, bali ni mwenye fedha za kununua kiwanja. Mti wa dawa si sanamu, na kaburi la babu si mungu. Asiyelitaka fingo asilifukue wala asiliombe. Msitu na auhifadhi, kwani huo ni amana, na amana haiuzwi.